MATINI YA MAZUNGUMZO: SEVA YA VIDEO INAYOENDESHWA NA MJI WENYEWE, MFANO WA NJOMBE NA MAKAMBAKO

Yafuatayo ni matini kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya maofisa wa habari, walimu na watumishi wa afya, juu ya namna taasisi inavyoweza kusimamisha na kuendesha seva yake ya video kwa kutumia makontena ya programu. Mfano uliochukuliwa ni wa miji ya Njombe na Makambako, Tanzania Bara. Hata hivyo mafunzo yake yanavihusu visiwa vya Unguja na Pemba kwa kiasi hicho hicho.

Mbatata za nyanda za juu kusini zinajulikana katika masoko ya visiwani, lakini miji inayozitoa haijulikani sana. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Makao makuu yake ni mji wa Njombe, uliopo katika mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali. Makambako upo umbali wa kilomita 60 hivi kutoka hapo, na ndipo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia. Njia ya kwenda Njombe na Songea inachepuka hapo hapo. Aidha, njia ya umeme wa msongo wa kilovolti 220 iliyoiunganisha Songea na gridi ya taifa mwaka 2018 inaanzia Makambako. Kwa ufupi, mji huo ni njia panda, na mengi yaendayo kusini hupita hapo.

MAHITAJI YALIYOPO

Swali la mwanzo ambalo ofisi yoyote inapaswa kujiuliza kabla ya kununua mtambo ni hili: video hizo ni za nini, na ni za nani?

Kwa upande wa Njombe, jawabu lipo wazi. Uchunguzi wa lishe wa taifa wa mwaka 2018 ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa na udumavu. Hali hiyo ilionekana katika mkoa unaolima mahindi, mbatata, maharage na ngano, na unaofuga ng'ombe wa maziwa. Chakula kipo, pungufu limo katika namna mtoto anavyolishwa. Vile vile, uchunguzi wa mwaka 2022/23 ulionesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, ambapo wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Hakuna mkoa mwengine uliokuwa na kiwango cha juu zaidi.

Mama anayefundishwa kupika uji wa mtoto hujifunza upesi zaidi akiona mikono ya mama mwenzake kuliko akisoma kipeperushi. Mgonjwa aliyeanza dawa naye hufaidika na maelezo ya muuguzi anayezungumza Kiswahili cha pale pale, au Kibena, au Kikinga, na ambayo anaweza kuyarudia mara tatu bila ya kuona haya. Lakini mgonjwa huyo huyo akiyatazama maelezo hayo katika mitandao mikubwa ya kigeni, jina lake, simu yake na kile alichokitazama huweza kuandikwa na kuwekwa katika nchi ya mbali, na kutumiwa katika biashara ya matangazo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka seva ya nyumbani: siri ya mgonjwa ibaki mikononi mwa wale waliokula kiapo cha kuihifadhi.

Sababu ya pili ni gharama, na hapa hesabu inafaa ifanywe wazi. Video yenye ubora wa wastani hutumia kiasi cha megabiti moja kwa kila sekunde, ambayo kwa saa moja ni megabaiti 450. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akilitazama somo la saa moja kutoka nje ya nchi kwa kifaa chake, huvuta gigabaiti 18. Iwapo somo hilo limewekwa ndani ya seva ya skuli, linaletwa mara moja tu, au haliletwi kabisa kwa kuwa limerekodiwa hapo hapo. Wanafunzi wote 40 watalipata kwa mtandao wa ndani usio na waya, bila ya kununuliwa kifurushi hata kimoja.

SOMO LA WAYA MMOJA

Wananchi wa Unguja hawahitaji kufundishwa maana ya kuutegemea waya mmoja. Mwezi Mei 2008 njia ya umeme unaotoka Bara iliharibika, na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila ya umeme. Disemba 2009 ikatokea hitilafu nyengine, na giza likadumu hadi Machi 2010. Mahoteli, mashine za kusaga, pampu za maji na mafriji ya samaki yaliathirika kwa sababu ya waya mmoja.

Katika mawasiliano, tukio la namna hiyo lilitokea tarehe 12 Mei 2024, pale mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu kwa wakati mmoja katika bahari ya kusini mwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kazi zilizotegemea seva za ng'ambo zilizorota au zilisimama kabisa, ingawa simu, umeme na kompyuta zilikuwa nzima. Maktaba ya video iliyopo katika chumba cha pili hufunguka kama kawaida siku kama hiyo, kwa sababu safari yake haipiti baharini.

Fikra yenyewe si ngeni visiwani. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Taifa dogo liliweza kumiliki mitambo yake, wapiga picha wake na kanda zake. Tofauti ya leo ni kuwa kinachohitajika kinaenea juu ya meza moja.

KONTENA NI NINI

Neno hili linawatatiza wengi, lakini mfano wake upo bandarini Malindi. Zamani meli ilipakiwa gunia kwa gunia, pipa kwa pipa, na kila bandari ikipakua kwa namna yake. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makasha 58 yaliyofanana. Kuanzia hapo mizigo ya dunia ikabadilika. Winchi haijali ndani ya kasha mna nguo au mna vipuri. Kasha lenyewe hupokelewa Mombasa, Dar es Salaam na Makambako kwa vipimo vile vile.

Wataalamu wa kompyuta waliiga fikra hiyo. Programu moja huhitaji vikorokoro vyake: toleo fulani la lugha ya kompyuta, maktaba fulani, mipangilio fulani. Zikiwekwa programu tano katika kompyuta moja, mara nyingi hugombana, hii ikitaka toleo la zamani na ile likitaka toleo jipya. Kontena huifunga kila programu pamoja na vikorokoro vyake vyote, ikajitosheleza, isimsumbue jirani wala isisumbuliwe. Msingi wa ufundi huu umo ndani ya mfumo wa Linux. Chombo kilichoueneza zaidi kinaitwa Docker, kilichotolewa hadharani mwaka 2013, na jina lake kwa Kiingereza ni la mfanyakazi wa bandarini.

Kwa upande wa maktaba ya video, ipo programu huria iitwayo PeerTube, inayotunzwa na jumuiya ya Kifaransa ya Framasoft. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Oktoba 2018. Haina ada ya leseni wala matangazo ya biashara, na mtazamaji huifungua kwa simu au kompyuta ya kawaida.

VIFAA NA MAHALI

Kwa chuo, hospitali au halmashauri ya kiasi cha Njombe, kompyuta moja ya mezani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia. Hesabu ya diski ni kama ifuatavyo. Masomo ya saa 200 katika ubora wa wastani huchukua gigabaiti 90. Yakitunzwa pia katika ubora wa juu kidogo, wa megabiti mbili na nusu kwa sekunde, huongezeka gigabaiti 225. Jumla ni gigabaiti 315, mbali na rekodi za asili. Diski ya terabaiti moja inatosha, na ya pili inunuliwe siku ile ile kwa ajili ya akiba.

Umeme haupaswi kutisha. Kompyuta ndogo inayotumia wati 30 usiku na mchana huchukua chini ya uniti 22 kwa mwezi. Linalotakiwa ni betri ya kuihimili pale umeme unapokatika ghafla, kwa maana kukatika huko ndiko kunakoharibu diski. Baridi ya Njombe ni neema kwa mitambo, ambayo huko haihitaji kipoza hewa. Visiwani, kinyume chake, joto na chumvi ya hewa vinataka chumba kikavu na usafishaji wa mara kwa mara.

Jambo linalosahauliwa ni anwani. Laini za intaneti za simu kwa kawaida hazimpi mteja anwani yake peke yake ya kufikiwa kutoka nje. Seva iliyopo Makambako kwa laini ya namna hiyo itawahudumia waliomo ndani ya jengo, lakini aliyopo Ludewa hataiona. Anayetaka kuwafikia watu wa nje hana budi kuomba anwani ya kudumu kwa kampuni inayomuunganisha, au kukodi nafasi katika kituo cha data nchini.

NAMNA YA KUISIMAMISHA

Mpango wa PeerTube kwa njia ya Docker una makontena sita, na kila moja lina kazi yake kama watumishi wa ofisi moja. La kwanza ni mpokezi wa mlangoni, liitwalo nginx, ambalo hupokea kila anayebisha hodi. La pili hushughulikia hati ya usalama, ile inayoyafunga mazungumzo yasisikilizwe njiani; hati hiyo ni ya bure na hudumu si zaidi ya siku 90, hivyo lazima ihuishwe na mashine yenyewe bila ya kungoja kumbukumbu ya mtu. La tatu ni PeerTube yenyewe. La nne, PostgreSQL, ni karani wa daftari: majina ya watumiaji, vichwa vya video na maoni yote yamo humo. La tano, Redis, huweka mambo ya haraka. La sita hutuma barua pepe.

Makontena yote sita huandikwa katika waraka mmoja wa maandishi ya kawaida, usiozidi kurasa chache: kontena gani, toleo gani, mlango gani, ghala gani. Waraka ukishakamilika, amri moja huyasimamisha yote kwa pamoja. Hapo msimamizi azingatie mambo manne.

Kwanza, jina la seva lichaguliwe kwa makini kabla ya kuanza, kwa sababu PeerTube huliandika jina hilo ndani ya kila kiungo, na kulibadilisha baadaye ni kazi nzito yenye kuharibu. Pili, matoleo ya programu yatajwe kwa namba, ili isitokee asubuhi moja programu imejibadilisha bila ya mtu kujua. Tatu, neno la siri la msimamizi mkuu, ambalo mtambo hulitoa wenyewe siku ya kwanza, libadilishwe siku hiyo hiyo. Nne, milango inayofunguliwa na Docker huweza kupita kando ya ukuta wa ulinzi wa kompyuta bila ya msimamizi kutambua. Basi ufunguliwe ule tu unaohitajika, na daftari la PostgreSQL lisionekane nje kabisa.

Kazi inayoilemea kompyuta zaidi ni kuigeuza video moja katika viwango mbalimbali vya ubora, ili mwenye simu duni apate na mwenye skrini kubwa apate. Saa moja ya video huweza kuishughulisha kompyuta dhaifu kwa saa kadhaa. Kazi hiyo ipangwe usiku. Tangu mwaka 2023 PeerTube inaruhusu pia kompyuta nyengine ya ofisi isaidie kugeuza, kisha irudishe matokeo.

AKIBA, NA BASI LA MAKAMBAKO

Wengi hudhani kuwa kontena huhifadhi kila kitu. Hilo si kweli. Kontena linaweza kufutwa na kuundwa upya kwa dakika moja, na huo ndio uzuri wake. Lakini lililoandikwa ndani yake bila ya kuwekwa ghalani hupotea pamoja nalo. Video, daftari na mipangilio ni lazima vikae katika ghala la nje ya kontena, na ghala hilo ndilo la kutolewa nakala.

Nakala iliyowekwa chumba kimoja na mtambo haiokoi kitu nyumba ikiungua. Hapa ndipo miji miwili inapofaa kushirikiana: seva iwe Njombe, nakala iwe Makambako. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 300 huchukua saa 67 kufika, yaani karibu siku tatu usiku na mchana. Diski hiyo hiyo ikitiwa ndani ya mkoba wa ofisa anayepanda basi dogo, hufika kwa muda wa saa moja na ushei. Nakala ya kwanza ipelekwe kwa basi, na nyongeza za kila usiku zipite katika waya. Diski inayosafiri ifungwe kwa neno la siri, maana imebeba habari za watu.

Nakala isiyowahi kujaribiwa haiaminiki. Kila baada ya miezi mitatu Makambako waisimamishe seva kutokana na nakala waliyonayo, wafungue video tatu au nne, kisha waandike tarehe na jina la aliyefanya hivyo.

SHERIA NA ADABU

Seva kuwa mali ya taasisi hakuiondoi taasisi katika sheria. Maudhui yanayotolewa kwa umma mitandaoni yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania chini ya kanuni za mwaka 2020, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 2018. Ni wajibu kuuliza habari ya leseni kabla ya kufungua mlango wa nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahitaji ridhaa na hifadhi ya habari za watu. Sura ya mgonjwa ni habari yake. Filamu na nyimbo za watu zina wenyewe, nao husimamiwa na COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar.

PeerTube inaruhusu video iwe ya wote, au ya waliosajiliwa tu, au yenye neno la siri. Somo la uji wa mtoto liwe la wote. Mafunzo ya wauguzi yenye mifano ya wagonjwa yawe ya wauguzi peke yao.

MAKABIDHIANO

Ndugu wasikilizaji,

Mitambo mingi ya ofisi imekufa bila ya kuharibika. Imekufa kwa sababu kijana aliyeijua alipata uhamisho, akaondoka na maarifa yake, na aliyekuja akakuta sanduku linalowaka taa lisilo na maelezo. Faida kubwa ya makontena kwa utumishi wa umma imo hapa. Kazi yote ya kuisimamisha seva imeandikwa katika waraka mmoja unaosomeka, na waraka huo unaweza kutiwa katika jalada la makabidhiano pamoja na funguo za mlango. Anayeingia akiupokea waraka, ghala na maneno ya siri yaliyofungwa katika bahasha, anaweza kuisimamisha seva upya katika kompyuta nyengine kabla ya jua kuchwa.

Hivyo basi taasisi inayokusudia kuanza inashauriwa ianze kidogo: kompyuta moja, video kumi zilizorekodiwa na watu wake wenyewe, watumishi wawili wanaoijua kazi, na nakala moja katika mji wa pili. Watumishi wawe wawili kwa makusudi, ili likizo ya mmoja isiwe kifo cha mtambo. Ikisha kuzoeleka, seva za PeerTube zinaweza kufuatana na kuonana, na muuguzi wa Wete akaangalia somo lililorekodiwa na mwenzake wa Makambako, na wa Makambako akaangalia la Wete, kila mji ukibaki na funguo zake.